UCHAMBUZI: Tusiingie shimoni kabla ya kupima hewa

Zipo habari ambazo humfikia mhariri zikiwa zimekwisha kujiandika. Kibarua ameingia katika choo cha shimo au kisima, kisha akanyamaza. Mwenzake ameteremka kumtazama, naye akanyamaza. Wa tatu, aghalabu ndugu au mwana, ameshuka kwa haraka kuliko wote. Hubadilika jina la kijiji na idadi ya maiti, lakini mpangilio wa aya ni ule ule.

Katika miaka niliyokaa kwenye meza ya uhariri, nimezipitia habari za aina hiyo mara nyingi kiasi cha kuzitambua kwa sentensi ya kwanza. Na karibu kila mara, aya ya tatu au ya nne huwa na maneno haya: inashukiwa walivuta gesi yenye sumu.

Hebu tulitazame neno hilo, "inashukiwa". Polisi wanashuku, chifu anashuku, majirani wanashuku, nasi wa magazeti tunaichapisha shaka yao. Hakuna aliyepima. Hewa iliyowaua marehemu haikuchukuliwa sampuli kabla hawajaingia, wala baada ya miili kutolewa. Hivyo basi hatujui kama walikosa oksijeni, kama walivuta haidrojeni salfaidi, kama shimo lilijaa kaboni dayoksaidi, au kama ni moshi wa pampu ya petroli iliyoteremshwa humo kuvuta maji. Kila mojawapo ya hizo ina kinga yake. Tusipojua aliyetangulia alikufa kwa nini, tutamkinga vipi atakayefuata?

Nimeichagua Nyamarambe, makao ya utawala ya Gucha Kusini katika Kaunti ya Kisii, kuwa kioo cha suala hili. Sidai kwamba hali yake ni mbaya kuliko kwingine. Hali yake ndiyo ya sehemu nyingi za nchi hii, ila Gusii msongamano wa watu huifanya ionekane waziwazi zaidi.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, yaani zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Mashamba yamegawanywa kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu. Penye ardhi finyu, choo hakihamishwi ovyo. Huchimbwa kirefu ili kidumu, na kikijaa, wenyewe huanza kuwaza namna ya kukitapisha badala ya kuchimba kingine. Visima navyo huchimbwa kwa mikono. Ng'ombe wa maziwa hufungiwa zizini, na baadhi ya familia na shule zimejenga mitambo ya bayogesi inayolishwa kwa samadi.

Fauka ya hayo, viwanda haviko mbali. Viwanda vya majani chai vimetapakaa kote Gusii, navyo huendesha tanuri za kuni zenye mabirika ya mvuke. Miwa ya Mugirango Kusini husagwa katika viwanda vya sukari vya maeneo jirani, vikiwemo vya Awendo na Transmara. Viwanda vya sukari nyeupe ya kawaida nchini hutumia moshi wa salfa kuisafisha sharubati ya miwa, na moshi huo ni gesi ya salfa dayoksaidi, ambayo huunguza macho na mapafu.

Kwa hivyo anayedhani kwamba kupima gesi ni shughuli ya kampuni za mafuta pekee, na aitazame Nyamarambe upya.

Pua na koroboi

Hewa tuvutayo ina oksijeni asilimia 20.9. Ikishuka chini ya asilimia 16, mtu huanza kupoteza uwezo wa kuamua mambo sawasawa. Ikishuka chini ya asilimia 10, huzimia. Chini ya asilimia 6, mauti ni suala la dakika chache. Ajabu ni kwamba mwili hauna kengele ya kutangaza upungufu huo. Kinachotufanya tuhisi kubanwa kifua ni kuzidi kwa kaboni dayoksaidi, wala si kupungua kwa oksijeni. Ndiyo maana walionusurika husema waliona miguu imelegea tu, kisha hawakumbuki tena.

Haidrojeni salfaidi, gesi inayotokana na kuoza kwa kinyesi na takataka, ni hasimu mwenye hila zaidi. Kwa kiwango kidogo sana, hata chini ya sehemu moja katika milioni, pua huinusa kama yai viza. Lakini ikifika takriban sehemu 100 katika milioni, mishipa ya kunusia hupooza, na harufu "hutoweka". Anayesimama shimoni akasema harufu imekwisha, huenda ndipo hatari imezidi. Kwenye sehemu 500 hadi 700, mtu huanguka baada ya dakika chache. Zikifika 1,000, pumzi moja au mbili zatosha kumwangusha.

Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, nayo hujishikiza kwenye damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Methani si sumu kwa maana ya kawaida, lakini huisukuma oksijeni nje, na ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja huigeuza kuwa mlipuko.

Wazee wetu walikuwa na kipimo chao. Kabla ya fundi kushuka kisimani, koroboi au mshumaa uliteremshwa kwa kamba. Ukizimika, hakuna wa kushuka. Tusiidharau busara hiyo, kwani moto huzimika oksijeni ikifika takriban asilimia 16, na bila shaka kipimo hicho kimewaokoa wengi. Hata hivyo, mshumaa unaweza kuendelea kuwaka vizuri katika hewa yenye haidrojeni salfaidi ya kutosha kuua. Na katika choo chenye methani, kuteremsha moto ni kuuita mlipuko kwa jina lake.

Dunia nzima imepitia njia hiyo hiyo. Mnamo 1812 mlipuko uliwaua wachimbaji 92 katika mgodi wa makaa wa Felling, kaskazini mwa Uingereza. Miaka mitatu baadaye, Humphry Davy alitengeneza taa ya wavu ambayo haikuwasha gesi ya nje, na ambayo mwali wake ulibadilika umbo palipokuwa na methani. Mwishoni mwa karne ya 19, mwanasayansi John Scott Haldane alipendekeza ndege na wanyama wadogo watumiwe kugundua kaboni monoksaidi, kwa kuwa huzidiwa kabla ya binadamu. Uingereza ilitangaza kuwastaafisha ndege hao migodini mwaka wa 1986 tu, vipima gesi vya kielektroniki vilipochukua nafasi yao.

Hata harufu ya gesi ya kupikia ina kaburi nyuma yake. Machi 18, 1937, shule moja katika mji wa New London, jimbo la Texas nchini Marekani, ililipuka kutokana na gesi asilia iliyovuja bila kunukia. Waliofariki walikaribia 300, wengi wao wakiwa watoto. Ni baada ya msiba huo ambapo sheria ilianza kulazimisha gesi itiwe kemikali yenye uvundo. Tunaponusa mtungi ukivuja jikoni leo, tunanufaika na somo lililolipiwa na watoto hao.

Katika lugha yetu wenyewe, wakazi wa Goma mashariki mwa Kongo wana neno mazuku, yaani upepo mwovu. Hiyo ni kaboni dayoksaidi itokayo ardhini karibu na volkano na kutuama mabondeni, ambako huua mifugo na watu, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu. Wanasayansi wa volkano duniani wamelichukua neno hilo lilivyo. Waswahili wa Kivu waliipa hatari jina, nao wajuao hupajua pa kuiepuka. Sisi wa huku tungali tunasema "inashukiwa".

Chombo na adabu yake

Kipima gesi kinachotumiwa sana duniani katika kazi za mashimo na matangi hutoshea kiganjani. Hupima vitu vinne: oksijeni, gesi ziwezazo kulipuka, haidrojeni salfaidi na kaboni monoksaidi. Kwa kawaida hupiga kengele oksijeni ikishuka chini ya asilimia 19.5 au ikizidi 23.5, gesi ya kulipuka ikifika asilimia 10 ya kiwango chake cha chini cha kuwaka, haidrojeni salfaidi ikifika sehemu 10 katika milioni, na kaboni monoksaidi ikifika sehemu 35. Viwango hivyo vinaweza kutofautiana kidogo kulingana na mtengenezaji na sheria za nchi.

Ikumbukwe kwamba chombo hicho cha kawaida hakipimi kaboni dayoksaidi moja kwa moja. Palipo na shaka ya gesi hiyo, kama vile kwenye mapipa ya kuchachushia au visima vya sehemu zenye gesi ya ardhini, chahitajika kihisi cha ziada. Asiyejua hilo atasoma nambari nzuri huku akizama.

Kupima nako kuna utaratibu, na utaratibu huo si wa mapambo. Kwanza, chombo huwashwa penye hewa safi, mbali na shimo na mbali na bomba la moshi la gari. Kikiwashwa kando ya lori linalonguruma, kitaihesabu hewa chafu kuwa ndiyo sifuri yake, na vipimo vyote vitakavyofuata vitakuwa vya uongo.

Pili, oksijeni husomwa kwanza, kisha gesi za kulipuka, halafu zenye sumu. Sababu yake ni rahisi: kihisi cha kawaida cha gesi za kulipuka hufanya kazi kwa kuiunguza gesi hiyo kidogo ndani yake, na pasipo oksijeni ya kutosha hakiwezi kuunguza chochote. Katika shimo lililojaa methani tupu, kinaweza kuonyesha kwamba hamna neno.

Tatu, sampuli huchukuliwa kutoka nje, kwa mpira mwembamba wenye pampu, kabla ya mtu yeyote kuinamisha kichwa shimoni. Huchukuliwa juu, katikati na chini, na katika shimo refu, kila baada ya mita moja na ushei. Methani ni nyepesi, hivyo hupanda. Haidrojeni salfaidi na kaboni dayoksaidi ni nzito, hivyo hutuama. Aliyepima mdomoni mwa shimo amepima hewa ya mdomoni tu.

Nne, subira. Hewa husafiri ndani ya mpira kwa takriban sekunde 2 katika kila sentimita 30, na kihisi nacho huhitaji muda wake kutulia. Kwa mpira wa mita 10, fundi asiseme neno kabla ya dakika mbili au zaidi katika kila kina. Mwenda pole hajikwai, na hapa kujikwaa ni mara moja tu.

Tano, kupima hakuishii mlangoni. Tope likikorogwa, gesi iliyofungika ndani yake hufumka. Shimo lililokuwa salama saa mbili asubuhi laweza kuwa kaburi saa tatu. Kwa hivyo kipimo hukaa na mfanyakazi wakati wote, feni ikiendelea kusukuma hewa safi chini, na mtu mmoja akibaki juu akiwa na kamba iliyofungwa kwenye mshipi wa yule aliye chini. Kazi ya huyo wa juu ni kuvuta na kupiga kelele. Hairuhusiwi kushuka.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, maana inapingana na ubinadamu wetu. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, iliwahi kubaini mwaka wa 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika maeneo finyu ya aina hiyo ni waliokwenda kuokoa wenzao. Mjini Mombasa, Juni 2016, watu watatu walifariki katika choo cha shimo, chanzo kikiwa simu iliyotumbukia. Mmoja alifuata simu, wengine wakafuata mtu. Hawakukosa ujasiri. Walichokosa ni kamba, na mtu wa kuwaambia kwamba hewa ya mle ndani haivutiki.

Mizani ya majani chai na mizani ya hewa

Pengine msomaji atasema dawa ni rahisi: kila kaunti inunue vipimo. Hapo ndipo ninapoomba tusimame kidogo, kwani nchi hii haikosi vifaa vilivyonunuliwa kwa shangwe, vikapigwa picha na kuishia kabatini.

Kipima gesi si panga ambalo ukilinunua ni lako miaka 20. Vihisi vyake huchakaa hata visipotumiwa. Kihisi cha oksijeni cha aina iliyozoeleka hudumu takriban miaka miwili. Kile cha gesi za kulipuka hutiwa sumu na silikoni, ambayo imo katika baadhi ya mafuta ya kung'arishia na gundi za kuzibia, na kikishatiwa sumu huendelea kuonyesha sifuri kana kwamba dunia nzima ni salama. Maji yakivutwa kupitia mpira huua pampu, na vumbi huziba kichujio. Mpira usio wa aina ifaayo huinyonya haidrojeni salfaidi njiani kabla haijafika kwenye kihisi.

Ndiyo sababu kanuni ya kazi hii ni kukijaribu chombo kila siku kabla ya kutumiwa. Hupulizwa gesi ya majaribio kutoka mtungi mdogo ambao kiwango chake kinajulikana, na kengele isipolia, chombo hicho kiwekwe kando. Kisha, kwa vipindi vilivyowekwa na mtengenezaji, husawazishwa upya kwa gesi hiyo, na tarehe ikaandikwa katika daftari. Mtungi wenyewe una tarehe ya mwisho wa matumizi. Betri huchajiwa mbali na mahali penye gesi, na chombo hakifunguliwi na fundi wa redio kwa kisu, kwa kuwa kimeundwa kisitoe cheche, na kufunguliwa ovyo huiharibu kinga hiyo.

Wakulima wa Gusii hawahitaji kuelezwa haya kwa lugha ya maabara. Mkulima wa majani chai anajua uchungu wa kilo zinazopotea kwenye mizani ya kituo cha kununulia. Mkulima wa miwa anajua shaka ya mizani ya kiwandani. Kwa miaka na mikaka wamedai mizani ikaguliwe na kupigwa muhuri, kwani mizani isiyokaguliwa ni mwizi aliyevaa kanzu. Basi iwapo hatuiamini mizani isiyokaguliwa kutupimia kilo moja ya majani, iweje tuamini kipimo kisichokaguliwa kutuambia kama baba wa watoto atapanda kutoka shimoni?

Nathubutu kusema kwamba kipimo kibovu ni kibaya kuliko kukosa kipimo. Asiye na kipimo huenda akaogopa. Mwenye kipimo kibovu huingia kwa imani.

Sheria ipo, mguu wake haufiki

Kenya haina upungufu wa sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani ya viwanda, inahusu mahali popote pa kazi, si kiwandani peke yake. Inagusa matangi, mashimo na vyumba finyu vinavyoweza kuwa na mvuke wa hatari au upungufu wa oksijeni, na inamtwika mwajiri wajibu wa kuhakikisha kwamba anayeingia humo yuko salama. Msimamizi wake ni Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini, iliyo chini ya serikali kuu.

Kwa upande mwingine, Katiba ya 2010, katika Mpangilio wa Nne, imezikabidhi kaunti huduma za zimamoto na kukabiliana na majanga, pamoja na huduma za maji na usafi. Kwa hivyo mkaguzi ni wa Nairobi, na gari la zimamoto ni la kaunti. Kati ya hao wawili amesimama kibarua wa Nyamarambe aliyepatana bei kwa futi na mwenye boma, hana mkataba, hana bima, na huenda hajui kwamba kuna sheria inayomhusu. Mwenye boma naye hajioni kuwa mwajiri. Anajiona jirani aliyempa mwenzake kazi.

Pengo hilo kati ya karatasi na ardhi lilionekana kwa namna ya kutisha usiku wa Februari 1, 2024, mtaani Mradi, Embakasi jijini Nairobi, lori la gesi ya kupikia lilipolipuka. Watu kadhaa walikufa na wengine zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA, ilisema siku iliyofuata kwamba ilikuwa imekataa mara tatu, mwaka wa 2023, maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo, mojawapo ya sababu ikiwa msongamano wa makazi. Hata hivyo, gesi ilikuwapo. Kukataa kwa barua hakukuizuia kutiririka. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu hadi mbili, hivyo hutambaa chini kama ukungu ikitafuta moto, na moto haukosekani mtaani.

Funzo la Embakasi kwa Nyamarambe ni kwamba biashara ya mitungi ya gesi imefika vijijini, na ujazaji haramu umeifuata. Siku ambayo duka la mitungi sokoni litavuja, nani atakuja na kipimo cha kuonyesha gesi imefika wapi, ni nyumba zipi zihamwe, na ni lini watu warudi? Bila kipimo, afisa ana pua yake na filimbi.

Gharama na hoja ya maskini

Nasikia pingamizi, na ni la haki. Chombo hiki huuzwa makumi ya maelfu ya shilingi. Kibarua wa choo hawezi kukinunua, wala mwenye boma. Kumwambia maskini asiingie shimoni bila kipimo cha bei hiyo ni kama kumwambia asile bila sahani ya fedha.

Ndiyo maana sidai kila boma liwe nacho. Kila boma halina gari la zimamoto, wala halina daktari wa mifugo. Ninachodai ni kwamba kila makao ya kaunti ndogo, Nyamarambe ikiwemo, yawe na angalau vipimo viwili vilivyo hai, mpira wa kuvutia sampuli, feni ya kusukuma hewa, mshipi na kamba yenye kigingi cha miguu mitatu, pamoja na watu wawili waliofunzwa kuvitumia. Anayetaka kutapisha choo au kuchimbua kisima apige simu, alipe ada ndogo, na maafisa waje kupima.

Na bajeti isiwe ya kununua tu. Katika zabuni hiyo hiyo iandikwe gesi ya majaribio, vihisi vya kubadilisha kila baada ya miaka miwili, na fundi wa kusawazisha. Pasipo fedha za matunzo, ni heri fedha hizo zijenge darasa.

Viwanda navyo visijifiche nyuma ya wanakijiji. Meneja wa kiwanda cha chai au sukari hana udhuru wa umaskini. Mfanyakazi wake anapoingia ndani ya birika la mvuke lililozimwa, tangi la molasi au karo la majitaka, karatasi ya ruhusa yenye vipimo vya hewa, saa na sahihi inapaswa kuwa imetundikwa mlangoni. Vyama vya wafanyakazi viidai karatasi hiyo kwa ukali ule ule vinaodai nao nyongeza ya mishahara. Hali kadhalika shule zenye mitambo ya bayogesi ziwakataze wanafunzi na walinzi kuingia ndani ya matangi hayo hata yakionekana matupu, kwa kuwa bayogesi ni methani zaidi ya nusu, na haidrojeni salfaidi huambatana nayo.

Yapo pia yasiyogharimu shilingi. La kwanza ni kutoingia kabisa panapowezekana: lori la kunyonya majitaka, ndoano ya kuopolea, au choo kipya. La pili ni kutoteremsha kamwe pampu ya petroli wala jenereta kisimani. La tatu ni kutoshuka peke yako, wala bila kamba kifuani. La nne, ambalo machifu wanaweza kulisema katika kila baraza na mapadri katika kila ibada, ni kwamba aliyeanguka shimoni haokolewi kwa kufuatwa. Huvutwa kwa kamba ikiwa anayo, hupulizwa hewa kutoka juu, na msaada huitwa. Ni neno gumu kumwambia mama anayemwona mwanawe chini. Lakini mama huyo ana watoto wengine.

Deni la magazeti

Nimalize na sisi wenyewe tushikao kalamu. Kwa muda mrefu tumeziandika habari hizi kama mikosi. Tumetaja jina la marehemu, umri wake, watoto aliowaacha, na methali ya kufungia: ajali haina kinga. Methali hiyo ni ya kumliwaza mfiwa, na msibani ina mahali pake. Katika ripoti ya kifo cha kazini haina mahali, kwa sababu ajali hii ina kinga, nayo inajulikana kwa majina, kwa nambari na kwa bei.

Kuanzia sasa mwandishi anayetuma habari ya aina hii aulizwe maswali matatu kabla haijapangwa ukurasani. Hewa ilipimwa kabla ya kuingia? Ilipimwa na nani, na kipimo chake kilikaguliwa lini? Na baada ya kifo, kuna aliyepima? Jibu likiwa hapana, basi hapana hiyo ndiyo habari, na iwekwe katika aya ya kwanza.

Huenda Bunge la Kaunti ya Kisii likaona nambari hizo zikirudiwa mara ya tatu na ya nne, likatenga fedha. Huenda mkaguzi wa Nairobi akaona haya, akafunga safari. Na huenda, siku moja, kibarua fulani wa Nyamarambe akasimama mdomoni mwa shimo, akasubiri dakika mbili, akasikia kengele ikilia, akakunja kamba yake na kurudi nyumbani bila ujira wa siku hiyo. Habari hiyo haitafika kwenye meza yangu, na nitafurahi kutoihariri.